Mama Yatokanayo Ameweka Kalamu Chini

Tarehe thelathini ya mwezi huu, karani wa vikao wa ofisi yetu ya maji anastaafu baada ya utumishi wa miaka thelathini na minne. Tarehe hiyo ni sahihi, tumeihakiki. Tunalisema hili kwa mkazo kwa sababu mwenyewe aliitangaza katika vikao vitatu mfululizo, chini ya ajenda ya Mengineyo, na mara zote tatu meneja alijibu, “Tumepokea,” nasi tukatikisa vichwa. Barua ya Utumishi ilipofika Jumatatu ya juzi, ofisi nzima ilishtuka, watu wakaanza kulalamika kwenye korido kwamba hapa hatuambiwi mambo mapema.

Msomaji mgeni aanze na hilo ili asipotee njiani. Kusikia, tunasikia sana. Kila mtu hapa ana masikio mawili na hakuna lililowahi kulala njaa, hasa habari ikiwa ya jirani. Kusikiliza ndiyo ilikuwa kazi ya mtu mmoja, na mtu huyo ndiye anayeondoka.

Ninayeandika ni Afisa Uhusiano. Wenzangu huniita Spika, na hawana maana ya yule wa bungeni. Wana maana ya ile inayofungwa juu ya gari la matangazo. Nimepewa kazi hii kwa sababu inasemekana nina maneno, na kwa sababu kwa miaka kumi na tisa nimekalia kiti kilicho kushoto kwake katika chumba cha vikao. Niliipokea kwa furaha. Nilidhani namjua.

Aliajiriwa akiwa na miaka ishirini na sita, mpiga chapa wa masjala. Mwaka wa pili karani wa vikao wa wakati huo aliugua, naye akaombwa aingie aandike kumbukumbu “kwa leo tu”. Leo hiyo imechukua miaka thelathini na miwili. Chumba chetu cha vikao mnakijua: meza ndefu iliyovimba ubao upande wa dirishani, feni inayogonga kila ikizunguka, na saa ya ukutani iliyo mbele kwa dakika kumi ili vikao viishe mapema. Kiti chake kimebanwa pembeni kabisa. Kulia kwake kuna kabati la chuma la mafaili, kushoto kuna mimi. Ni vigumu kusema nani kati yetu alimpa nafasi zaidi ya kupumua.

Ana tabia moja ambayo wageni huishangaa. Mtu akisema, yeye hageuzi shingo. Hugeuza kiti, magoti, mabega na kalamu, mwili mzima, kisha hukutazama mdomoni mpaka umalize. Tabia hiyo imewaharibia watu wengi starehe zao. Mtunza stoo, kwa mfano, alikuwa na hotuba moja ya maisha yote, “Mimi sina zaidi, ni kama alivyosema mwenzangu,” lakini alipotazamwa namna ile miezi miwili mfululizo alijikuta amelazimika kuwa na wazo. Likawa zuri, likatekelezwa, na hadi leo analisimulia.

Kumbukumbu zake nazo hazikumpendelea mtu. Aliandika lililosemwa, si lile msemaji alilodhani amelisema. Katika faili la meneja wetu wa pili kuna mstari huu: “Meneja alizungumza kwa dakika ishirini na tano. Alikubaliana na yaliyokwisha kukubaliwa.” Na watu wakinyamaza, aliandika kwamba wamenyamaza. Alisema kimya nacho ni jibu, na mara nyingi ndilo jibu pekee la kweli siku hiyo.

Hata kaunta ya wateja ilimtegemea. Mteja akija na ghadhabu, sisi wa kaunta tuna dawa yetu ya siku zote: “Tumekusikia, mama.” Dawa hiyo haijawahi kumponya mtu. Siku moja alikuja mama mmoja ambaye bomba lake lilikuwa limetoa upepo wiki tatu, akawa anapaza sauti mpaka wino unatetemeka kwenye chupa. Tulikwisha kumwambia tumemsikia mara sita. Mwishowe akapelekwa kwa karani wa vikao. Karani aligeuza kiti, akaandika yote, kisha akamsomea. Yule mama akarekebisha mahali pawili, akasomewa tena, akasema, “Basi. Ndivyo,” akachukua mkoba wake akaondoka kwa amani. Maji yalirudi baada ya siku tatu. Tulipomuuliza karani amempa nini yule mteja, alisema hakumpa kitu, alimrudishia maneno yake tu ili aone kama ni yenyewe.

Sasa niseme jambo lililotukosesha usingizi wiki mbili hizi.

Katika kikao cha mwezi uliopita, tulipofika Mengineyo, karani wetu, Mama kama tumwitavyo, aliweka kalamu mezani. Kisha akasimama. Katika miaka yote, yeye akiwa na lake hulisema huku anaandika, haraka haraka, kama anayeomba radhi kwa kujichukulia nafasi. Kalamu ilikuwa haijawahi kulala. Akasema ana ombi moja tu kuhusu siku ya kuagwa kwake, na akalitaja. Hayo, barua ya Utumishi ilipofika, tuliyakumbuka wajumbe wote kumi na mmoja bila kutofautiana. Tatizo ni kwamba wakati huo huo mama wa chai aliusukuma mlango kwa nyonga, sinia likaingia, na baada ya miezi minane ya biskuti kavu, siku hiyo biskuti zilikuwa za krimu. Meneja alisema, “Tumepokea.” Karani akakaa.

Hakuna hata mmoja wetu anayejua aliomba nini.

Kamati ya kumuaga ilipoundwa, mimi nikiwa mwenyekiti, hiyo ndiyo ilikuwa ajenda ya kwanza na ikawa ya mwisho. Mtu akapendekeza tumuulize. Ni kweli kuuliza si ujinga, lakini mhasibu alisema, “Utamwangalia vipi usoni?” na pendekezo likafa hapo. Maana mtu amekusikiliza miaka thelathini na miwili, hata ulipokuwa huna la kusema. Yeye akaomba kitu mara moja, kimoja. Sasa uende ukamwambie kwamba sekunde hiyo wewe ulikuwa unahesabu biskuti? Ikabidi tukusanye ushahidi.

Mtunza stoo aliapa kwamba aliomba cherehani. Tulipombana sana ikabainika kwamba mkewe ndiye anayeomba cherehani, mwaka wa pili huu, na kwamba sauti za wanawake wanaoomba humchanganya. Dereva alisema aliomba kutembezwa, safari ndefu kidogo, gari jeupe lile jipya, na dereva mzoefu. Mhasibu alikumbuka wazi kabisa kwamba aliomba pasiwe na matumizi. Meneja alikumbuka kwamba aliomba hotuba ya meneja isikatizwe. Kila mtu alikuwa amesikia moyo wake mwenyewe ukisema.

Mwendesha pampu peke yake alisema hajui. Alikuwa ameinuka kumshikia mama wa chai mlango, na alisema hivyo akitazama viatu vyake. Tukamwendea mama wa chai mwenyewe, tukidhani huenda yeye amenasa japo neno. Alitusikiliza mpaka mwisho, akaweka birika chini, akasema, “Nyinyi mlikuwa mmekaa. Mnakuja kuniuliza mimi niliyekuwa nimebeba?”

Hapo nikaamua kutumia akili. Nilimwendea mhusika mwenyewe, nikamwambia nahitaji kumbukumbu za vikao kwa ajili ya wasifu. Nilijua kila kitu kinachosemwa katika chumba kile anacho, na ombi lake litakuwemo. Aligeuza kiti, akanitazama mdomoni, akafungua kabati, akanitolea mafaili kumi na sita. Aliyapanga mezani, jipya likiwa juu kabisa, akaligonga jalada lake kwa kidole mara mbili. Nikamshukuru kwa maneno mengi. Kisha, kwa kuwa mimi ni msomi, nilipofika ofisini niliupindua mrundo wote ili nianze mwanzo.

Nilisoma siku tatu. Mengi ya hapa chini nimeyatoa humo, na nayasimulia kwa utaratibu nilioyakuta.

Faili la sita lina kosa lake pekee la kikazi. Siku hiyo alichukua kwa bahati mbaya kumbukumbu za mwezi uleule za mwaka uliotangulia, akasimama kutusomea. Alipofika ukurasa wa pili akakuta kikao kinamkaribisha dereva mpya, na dereva huyo alikuwa amekwisha kuhama. Akanyamaza, akangoja mtu amkatize. Mjumbe mmoja alikuwa anakata kucha. Meneja akampungia mkono aendelee. Akaendelea. Kumbukumbu zikathibitishwa bila marekebisho, mtoa hoja akapatikana, mwungaji mkono akapatikana, na dereva asiyekuwepo akapigiwa makofi. Kisha tukaingia Yatokanayo, yaani kufuatilia yaliyoagizwa kikao kilichopita, ambako mtunza stoo alikaripiwa kwa kuchelewa kununua ngazi ndefu ya kupandia paani. Maskini alikuwa ameinunua tangu mwaka jana, lakini alikaripiwa kwa sauti ya kushawishi mno hata akaomba radhi, na kabla ya Ijumaa akanunua nyingine. Ndiyo sababu ofisi hii ina ngazi ndefu mbili na paa moja. Pembeni mwa ukurasa Mama ameandika kwa penseli: “Kosa ni langu. Nilidhani watanikatiza.”

Niwatetee wazee wangu kwamba mimi nilikuwa bado sijaajiriwa. Lakini katika la pampu nilikuwepo, na sina pa kujificha.

Mwendesha pampu wetu ni mtu wa maneno machache. Kwenye vikao hupewa nafasi mwisho, chini ya Mengineyo, wakati kalamu zimekwisha kurudi mifukoni na watu wanatafuta viatu kwa miguu chini ya meza. Miaka kumi na minne iliyopita alisimama akasema pampu namba mbili inakoroma. Meneja wa wakati huo akasema, “Tumepokea.” Mwezi uliofuata akasema inakoroma zaidi ikizimwa. Tukapokea. Mwezi wa tatu akasema inatoa joto ubavuni. Nakumbuka nilimnong'oneza jirani yangu kwamba labda ina mimba, tukacheka. Mwezi wa nne alisema kwa sauti ya chini, “Nawaomba mje muisikilize.” Tukapokea hilo pia, na kikao kikafungwa kwa sala.

Wiki mbili baadaye pampu ilivunjika. Mji ukakaa siku tisa bila tone. Watu walikuja na ndoo tupu wakazipanga mbele ya lango letu, safu mbili hadi barabarani, bila kusema neno, na sijawahi kupigiwa kelele kubwa kama ile. Ikaundwa kamati ya nidhamu, na kamati haikuhangaika kumtafuta mkosaji: mwendesha pampu, kwa kutotoa taarifa. Barua ya kumfukuza kazi ilikuwa imekwisha kuchapwa, imebaki sahihi. Mwenyewe, mtu mwenye watoto wanne na mama mgonjwa nyumbani, alipoulizwa anajiteteaje alisema tu, “Nilisema.” Tukaulizwa mmoja mmoja kama alisema. Mmoja mmoja tukajibu hatukumsikia. Wala hatukuwa tunadanganya, na hapo ndipo penye ubaya wenyewe.

Karani wa vikao akaomba ruhusa ya kusoma. Alisoma kumbukumbu nne kwa sauti ileile anayosomea ratiba ya usafi. Pampu inakoroma, wajumbe walipokea. Inakoroma ikizimwa, wajumbe walipokea. Ina joto ubavuni, wajumbe walipokea, Afisa Uhusiano alinong'ona, wawili walicheka. Aliomba waje waisikilize, wajumbe walipokea, kikao kilifungwa. Na chini ya kila moja: zimethibitishwa bila marekebisho, mtoa hoja mhasibu, mwungaji mkono Afisa Uhusiano. Sahihi ya meneja, mara nne. Alipomaliza akafunga faili, akafungua jipya, tukaona anaandika. Nimeusoma mstari huo wiki hii. Unasema: “Kikao kilinyamaza kwa muda mrefu.”

Mwendesha pampu hakufukuzwa. Tulimsifu sana karani, lakini yeye hakutaka sifa. Alisema naye ana kosa, kwa kuwa alisikiliza akaishia kuandika, na karatasi haijawahi kukaza nati. Kuanzia Jumatatu iliyofuata akaanza mzunguko. Akiwa na daftari lake mkononi, alipita meza hadi meza, na kwa kila mtu aliyetajwa kikaoni aliuliza lile limefikia wapi. Ukimwambia linashughulikiwa, aliuliza na nani. Ukitaja mtu, alikwenda kwa mtu huyo. Watu wazima wamewahi kujifungia chooni Jumatatu asubuhi. Siku hizo ndizo alizopata jina la Mama Yatokanayo, na tangu siku hizo hakuna kitu kilichokoroma katika ofisi hii zaidi ya wiki moja, ukiacha mlinzi wa mchana.

Mafaili yaliyofuata niliyasoma kwa raha kuliko ilivyostahili, kwa sababu nilikuwa najitafuta. Nimo tele. “Afisa Uhusiano alinong'ona.” “Afisa Uhusiano alinong'ona tena.” “Afisa Uhusiano alitoa mfano usiohusika.” Kisha, kuanzia miaka sita iliyopita, minong'ono yangu ikatoweka kumbukumbuni ghafla, ingawa mdomoni haikupungua hata kidogo. Nikafurahi. Nikasema hatimaye mama huyu amenizoea, tena amenipenda. Maana miaka hiyo sita ndiyo niliyomnong'oneza utani wangu bora kabisa, naye hakuninyamazisha hata mara moja. Alikaa ametulia, ametabasamu, anamtazama anayezungumza. Nilikwisha kumwambia mke wangu kwamba ofisini yupo mtu mmoja tu anayeuelewa utani wangu. Mke wangu alisema mtu huyo ana moyo mkubwa.

Nikafunua ukurasa. Nanukuu kama ulivyo:

“Mengineyo. Karani wa vikao alieleza kwamba sikio lake la kushoto limeacha kusikia na daktari amesema halitarudi. Aliomba kiti chake kihamishiwe upande wa pili wa meza, ili sikio la kulia lielekee wajumbe badala ya kuelekea kabati. Meneja alisema wamepokea.”

Mwezi uliofuata: zimethibitishwa bila marekebisho. Mtoa hoja mhasibu. Mwungaji mkono Afisa Uhusiano.

Kwanza niliuona upande wa kuchekesha, kwa sababu ndivyo nilivyoumbwa: utani wa miaka sita, nimeumimina wote katika sikio lililokufa. Kisha kicheko kikaniishia. Nikakumbuka mjukuu wake, wa miaka mitano, anavyofika ofisini siku za likizo. Mtoto yule hamwiti bibi yake kutoka kushoto. Huzunguka nyuma ya kiti, hujipenyeza kati ya bibi na kabati, ndipo aseme lake. Tulikuwa tunamwita mtundu. Mtoto wa miaka mitano alijua, na mimi niliyekaa umbali wa kiwiko sikujua. Nikakumbuka pia mwili ule unaogeuka wote. Ilikuwa desturi yake tangu ujana, lakini miaka sita ya mwisho hakuwa na njia nyingine. Alikuwa anatusoma midomo, anakisia nusu, halafu anaandika bila kukosea hata jina. Na Jumatatu zote zile alizopita kuuliza ya wenzake yamefikia wapi, la kwake hakuliuliza hata siku moja. Niliona aibu, na naiandika hapa ili nayo ithibitishwe.

Jioni ya siku ya tatu ndipo nilipofika kwenye faili lililokuwa juu, lile aliloligonga kwa kidole mara mbili. Mwandiko wake, ukurasa wa mwisho:

“Mengineyo. Karani wa vikao aliomba kwamba siku ya kuagwa kwake akalishwe mahali ambapo sikio la kulia litaelekea wasemaji, kwa kuwa angependa kuwasikiliza wenzake mara moja bila kukisia. Hana ombi lingine. Meneja alisema wamepokea. Biskuti zilikuwa za krimu.”

Niliwasomea wanakamati polepole, nikarudia. Mhasibu alipenga kamasi kwa leso ya ofisi. Mtunza stoo aliuliza kwa sauti ndogo kama kweli hakuna cherehani popote. Mwendesha pampu aliinuka, akatoka, akarudi na futi ya kupimia, akaanza kupima kutoka kabatini hadi dirishani.

Tulitaka kuhakikisha safari hii, kwa hiyo nilitiwa pamba sikio la kushoto, nikakalishwa katika kiti chake, na mwendesha pampu akasimama mwisho wa meza akazungumza. Nilisikia feni. Nilisikia kabati likilia kutu. Yeye nilimwona akifungua na kufunga mdomo. Dakika tano tu, na kichwa kikaniuma. Mama alifanya hivyo miaka sita, tena akijua kwamba mengi tuliyokuwa tunasema hayakuwa na thamani ya shingo yake.

Tukaamua kuliondoa kabati. Lilihitaji wanaume wanne, na nyuma yake tulikuta sanduku la maoni ya wananchi, ambalo halijaonekana miaka tisa. Kwa miaka hiyo tisa, kila robo mwaka, Kitengo cha Uhusiano, yaani mimi, kimeripoti kwa fahari kwamba wananchi hawana maoni. Ndani mlikuwa na karatasi saba. Tano zilisema sanduku hili halifunguliwi. Sasa limewekwa kaunta, ufunguo anao mama wa chai, kwa kuwa ndiye pekee katika ofisi hii ambaye hajawahi kusema “tumepokea”.

Basi, Mama yetu, haya mengine ni yako.

Utakapoingia chumba cha vikao leo utaona viti vyote vimepangwa kama kawaida isipokuwa kimoja. Kimewekwa mbele, upande wa dirishani, na amekipima mwendesha pampu kwa mkono wake. Ametia alama ya chaki sakafuni chini ya kila mguu ili asitokee mtu wa kukisogeza. Kushoto kwako kuna ukuta. Kulia kwako tupo sote, na tumeambiwa tuseme mmoja mmoja. Feni imezimwa. Chai italetwa baadaye, na mlango umefungwa kwa ndani. Zawadi zipo, na cherehani imo, maana mtunza stoo hakukubali kushindwa.

Ratiba tumeibadilisha kidogo. Leo tunaanza na Mengineyo, na msemaji wa kwanza ni yule ambaye siku zote alikuwa wa mwisho. Ana maneno manne ambayo ameyaweka miaka kumi na minne, na hakutaka kunitajia. Baada yake utasema wewe, lolote, kwa muda utakaopenda. Tunakuomba usiandike. Kalamu yako leo ninayo mimi, na naishika kwa woga.

Ukimaliza, nitakusomea ulichosema. Nikikosea, unikatize, nirekebishe, nikusomee tena. Hakutakuwa na mtoa hoja wala mwungaji mkono, wala hakuna atakayesema amepokea. Kumbukumbu hizi hazitathibitishwa mpaka wewe mwenyewe useme, “Basi. Ndivyo.”

Asante kwa miaka thelathini na minne. Samahani kwa sita. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, Jumatatu zisizo na mzunguko, na popote utakapokaa, watu wa kukugeukia mwili mzima.